Mawingu Hufutwa Mwisho

Kengele ya mwisho ikishalia na wanafunzi wakishamwagika nje kama mtama uliochanikiwa gunia, shule ile ilibaki na vumbi lake na mwanamke mmoja mfupi mwenye fagio. Watoto walimwita Bibi Chaki. Kazi yake ilikuwa kufagia madarasa na kufuta ubao wa kila darasa, na chaki ilikuwa imemkolea mpaka sabuni ilikata tamaa. Nyusi zake zilitangulia nywele kuwa nyeupe. Akipiga chafya karibu na ukuta, ukuta ulikuwa tayari kwa somo la hesabu. Paka wa nyumbani kwake aliletwa akiwa mweusi ti. Waliomwona baadaye walidhani ni paka mwingine.

Utotoni shule aliiona kwa nje tu, akipita na ndoo kichwani. Basi alipopewa kazi ya kuingia humo ndani kila siku, tena kwa mlango wa mbele, aliamua kula chote kilichompita. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Asubuhi alifagia baraza ndefu iliyopita chini ya madirisha ya madarasa manne, na hajazaliwa mtu aliyefagia polepole kama yeye. Jani moja kavu liliweza kumchukua kipindi kizima. Mwalimu akipandisha sauti, jani lilikwama. Mwalimu akigeukia dirishani, jani lilikwenda mbio.

Dirisha la kwanza lilikuwa la hali ya hewa. Hapo alijifunza kwamba jua huyachemsha maji ya bahari bila kuni, mvuke ukapanda bila kuaga, ukafika juu ukapigwa na baridi, ukajikunyata kuwa wingu. Dirisha la pili lilikuwa la kemia, na hapo walisema ndimu na siki ni asidi, chokaa na majivu ni watu wa upande wa pili, na ukiwakutanisha hupoozana. Dirisha la tatu lilikuwa la mimea: jani ni jiko, linapika kwa mwanga, maji na hewa, na ile rangi ya kijani ndiyo sufuria. Dirisha la nne lilikuwa la historia, wafalme wa zama za kati na ngome zao za mawe, na mashujaa waliovaa chuma mpaka puani.

Alasiri, kabla ya kufuta, alisimama mbele ya kila ubao akafuata michoro kwa kidole. Kusoma hakujua, lakini mishale aliijua. Palikuwa na mshale kutoka baharini kwenda winguni, na mwingine kutoka juani kwenda kwenye jani. Chupa ndogo ilitoa mshale kwenda chupa kubwa. Ngome ndiyo usiseme, hiyo ilichomwa mishale kila upande. Ilifanana mno kuwa mishale ya hadithi nne. Bibi Chaki akakata shauri kwamba walimu wale wanasimulia hadithi moja, ila wamegawana, kwa sababu ni ndefu na pumzi ni za binadamu.

Kisha alifuta, kuanzia chini kwenda juu. Mizizi kwanza, halafu shina, halafu jua. Handaki la maji kwanza, halafu ukuta, halafu bendera. Mawingu aliyaacha mpaka mwisho, na alipoyafuta yalibanduka ubaoni yakaelea darasani, naye akasimama katikati yake amefumba macho, mpaka yalipotua juu ya madawati. Siku moja ya joto kali yalinyesha, na mwenye kubisha akayaulize madawati.

Nyumbani alikuwa akingojewa na mumewe. Mzee huyo maisha yake yote ya kazi alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda, na kwa ukali wake wafanyakazi walimbatiza Bwana Komeo. Meneja mwenyewe aliwahi kuachwa nje, suti na yote, mpaka alipokumbuka alikokiacha kitambulisho. Sasa macho yale yaliyomtambua mtu kwa kivuli chake yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema hospitali, na si jicho moja, yote mawili. Aliketi dirishani kwenye kiti cha plastiki, ameligeuzia jua uso, akijua kumekucha na akijua kumekuchwa, basi. Redio ilimchosha. Wageni aliwajibu kwa kukohoa. Kitu pekee kilichomfanya akae wima ni mlango kufunguka jioni na harufu ya chaki kuingia.

"Wamefika wapi?" aliuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Na Bibi Chaki, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, alikuwa keshaanza. Palikuwa na ngome ya mawe yenye madirisha elfu na lango moja. Maadui wa mfalme walikuwa wameizingira tangu zamani, wamekaa nje na mavazi yao ya chuma, na jemadari wao alizimia kila adhuhuri kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba chuma juani ni birika. Ndani watu walipanda maharage kwenye nyufa za kuta, maana jani halihitaji shamba, linahitaji mwanga tu na tone la maji. Maadui wakamwaga chokaa kwenye kijito kinachoingia ngomeni. Lakini mpishi wa mfalme alikuwa ameloweka maua mekundu, kama yale ambayo mwalimu wa kemia hupimia asidi, akatia maji ya kijito humo, na maji ya maua yakageuka kijani. Wakajua wamechezewa. Mpishi akatia siki, kidogo, kidogo tena, mpaka maua yakarudia rangi yake, na ngome nzima ikanywa.

Bwana Komeo alisikiliza yote hayo kwa adabu, lakini maswali yake yalikuwa ya lango. Nani analilinda? Analala saa ngapi? Ana kiti? Bibi Chaki, ambaye utundu haukumtoka na meno, alimpa mlinzi wa ngome magoti mabovu, kikohozi, na mke mzuri.

"Huyo mke anafanya nini humo ngomeni?"

"Anafagia."

"Na ni mzuri kweli?"

"Mwalimu alisema mzuri kupita kiasi. Mimi narudia tu, baba."

Naye Bwana Komeo aliamini. Alimjua mkewe tangu usichana wake. Habari yake ya sokoni aliikata nusu, kisha ile nusu akaikata tena ndipo akaimeza. Lakini haya yalikuwa yametoka ubaoni. Yameandikwa na watu waliosomea, mchana, mbele ya mashahidi. Kwa Bwana Komeo, ubao ulikuwa kitu kama kitambulisho. Kwamba mkewe alikuwa akivileta nyumbani vipande vinne vimeshonwa kwa uzi wake mwenyewe, hilo halikumpitia akilini.

Ndipo binti yao, fundi cherehani, alipokuja na habari. Daktari wa macho kutoka mbali angekuwa hospitali Jumatatu. Jina la baba lilikuwa limeshapokewa. Wiki ikiisha daktari anaondoka, na kurudi kwake ni mwaka mwingine, kwa majaliwa. Kazi yenyewe fupi, wanaondoa ule ukungu na kuweka kioo kidogo mahali pake. Bwana Komeo akauliza wanauondoa kwa kitu gani. Binti, aliyerithi kila kitu kwa mama yake isipokuwa ulimi, akasema kisu, lakini kidogo sana.

Mzee akaiacha chai ipoe. Hatimaye akasema kwamba hawezi kumwacha mlinzi mwenzake peke yake na maadui nje. Lango la ngome likifunguka, kwa namna yoyote, naye atakwenda akafunguliwe macho. Lisipofunguka, wamwache dirishani kwake na wasimlilie.

Binti alitaka kuanza kelele. Mama akamkanyaga mguu chini ya meza. Yeye hakuwa na wasiwasi. Shule ilikuwa inafungwa Ijumaa, na mwalimu wa historia, msichana mpole mwenye sauti ya kufika barazani, asingewatuma watoto likizo na mfalme akiwa bado amefungiwa.

Ijumaa hiyo asubuhi, fagio likiwa tayari limeelekea dirisha la nne, mwalimu wa mimea akamwita bustanini. Alimwonyesha miche ya kumwagilia wakati wa likizo, mmoja mmoja, kama mtu anayetambulisha ndugu zake harusini, na mwisho akamwomba aangalie pia boksi la karatasi lililokuwa pembeni mwa darasa lake, lenye mharage ndani. Aliporudi barazani, kipindi cha historia kilikuwa kimekwisha. Si neno, akajiambia. Ubao upo.

Alasiri akaingia darasa la nne na kitambaa chake kibichi. Lakini mawazo hayakuingia naye. Yalikuwa yametangulia hospitali, yanatazama kisu kidogo na jicho kubwa la mtu mzima. Aliliona jicho lile kama lilivyokuwa zamani langoni, likimsaka yeye katikati ya kundi la wasichana wa kiwandani, likijifanya linatafuta kitambulisho. Mkono wake, ambao kazi uliijua bila kuambiwa, ukapanda wenyewe. Handaki. Ukuta. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa manjano na chembe za chaki zilikuwa zinashuka polepole ndani yake, kama mvua ya nchi isiyo na haraka. Alipozinduka, kitambaa kilikuwa kwenye bendera.

Ubao ulikuwa mweusi unameremeta. Pembeni chini palisalia alama moja tu iliyoponyoka, mfano wa ndoana ya kuvulia samaki, na nukta chini yake. Bibi Chaki akaitazama mpaka shingo ikauma. Haikumwambia kitu.

Njiani alitunga miisho mingi, na yote ilikuwa mizuri kuliko ya kusomea. Lakini Bwana Komeo alikuwa amesimama langoni nusu ya umri wake akisikiliza sababu za waliochelewa. Alipoanza tu, kwamba wingu kubwa likatanda juu ya ngome na chuma cha maadui kikashika kutu wakashindwa kukunja magoti, mzee akainua kidole.

"Hiyo haikutoka ubaoni," akasema. "Hiyo ina harufu yako."

Akaligeukia dirisha. Jikoni binti alimshika mama yake mkono akamnong'oneza kwa uchungu, "Mama, umetudanganya tangu tuko tumboni. Unashindwaje siku moja yenye faida?"

Usiku kucha Bibi Chaki aliyageuza maneno hayo. Kulipopambazuka alijifunga kanga akaenda kumtafuta mwalimu wa historia. Haikuwa safari nyepesi. Kuuliza mwisho wa hadithi ni kukiri kwamba majani yote yale makavu yalikuwa kisingizio, na kazi yake aliipenda.

Mwalimu alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya shule. Alimkuta uani anafua, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni. Bibi Chaki alizunguka kwanza: akasifu kamba ya nguo, akauliza afya ya watu asiowajua, halafu yote yakamtoka kwa mkupuo mmoja, dirisha, fagio, mzee, daktari, ubao. Mwalimu alimsikiliza ameshikilia shati linalochuruzika. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekitunza muda mrefu.

"Bibi yangu, unadhani kwa nini huwa napandisha sauti? Wale watoto wako mbele yangu. Nilikuwa nakusomesha wewe."

Bibi Chaki akafuta mikono kwenye kanga. Akainama kwenye beseni akachora kwa kidole juu ya povu ile alama iliyosalia, ndoana na nukta yake.

Mwalimu akamwambia hiyo ni alama ya kuuliza. Hadithi hakuimaliza. Aliwaachia wanafunzi swali la likizo, kwamba kila mmoja ajifanye ndiye mlinzi wa lango, aseme angefanya nini. Bibi Chaki akauliza wale wa kweli, wa zamani hizo, walifanya nini. Ilitegemea, akasema mwalimu. Ngome nyingine ziliangushwa na njaa, nyingine zilifungua kwa mapatano, na nyingine maadui waliugua wakachoka wakaenda zao. Hakuna jibu moja, ndiyo maana akauliza.

Bibi Chaki alirudi taratibu, amelibeba swali kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Alipita shuleni akachukua lile boksi.

Mzee alikuwa palepale kwenye kiti chake. Hakuuliza wamefika wapi. Mkewe akamwekea boksi mapajani, na vidole vyake, ambavyo siku hizi ndivyo vilivyoona, vikaanza ukaguzi. Karatasi ngumu, imezibwa kila upande kwa gundi. Tundu moja tu, dogo, ubavuni. Akafungua kifuniko. Ndani alikuta shina jembamba, laini kama uzi uliolowa. Akalifuata. Halikupanda juu kama shina la watu. Lililala, likatambaa, likakutana na kipande cha karatasi kilichowekwa katikati kulizuia, likakizunguka, likatambaa tena mpaka kwenye tundu. Akapeleka mkono nje ya boksi. Huko nje, juani, vilikuwa vimekaa vijani viwili, vizima, vina joto.

"Nani kaupinda?"

"Hakuna. Umefuata mwanga wenyewe."

Mwanga wa dirishani ulikuwa umemfika mzee mashavuni, na kwa kitambo Bibi Chaki hakujua kama yuko nyumbani kwake au ndani ya boksi, au katika kile chumba cha mawe ambamo mlinzi na mkewe walikaa wakisikiliza farasi wa watu wakitafuna majani nje ya ukuta. Paka alipita akaacha mstari mweupe sakafuni. Ndipo akamweleza. Kwamba ubao haukuwa na mwisho, ulikuwa na swali. Kwamba swali lenyewe anaulizwa mlinzi wa lango.

"Naulizwa mimi?"

"Ameulizwa mlinzi. Mimi namjua mmoja tu."

Bwana Komeo akakohoa, si kile kikohozi cha wageni, kile cha kazini. Akaanza kuuliza kama mtu anayepokea zamu. Maji ya kijito yamebaki? Yamebaki, lakini siki imekwisha. Maharage je? Yanatambaa ukutani kutafuta jua, ila watu ni wengi kuliko majani. Mvua? Wingu lipo, mzee, lakini limekaa tu juu ya mnara, halipati baridi ya kulishusha. Halitoki lenyewe? Halitoki lenyewe.

Kidole cha mzee kikaenda na kurudi juu ya shina la mharage.

"Ningefungua," akasema mwishowe. "Lakini asubuhi, jua likiwa usoni mwao, si mwangu. Tena ningefungua mimi. Lango likivunjwa na watu wa nje, huna lango tena. Nikilifungua kwa mkono wangu, jioni ninalifunga nalala." Akafunika boksi, akaliacha tundu lake upande wa dirisha. "Mwambie binti yako anitolee koti la kazi."

Jumatatu alikwenda hospitali amevaa koti la ulinzi, vifungo vyote hadi shingoni. Daktari alipoingia, Bwana Komeo alimwomba kitambulisho. Daktari, ambaye alikuwa ametoka mbali na mara nyingi alidhani keshaona kila kitu, akakitoa. Mzee akakishika, akakipapasa pembe zote, akamrudishia na kumruhusu kuendelea.

Alisema baadaye kwamba hakuona kisu. Alilala pale mahali palipokuwa kama ndani ya maziwa, na akasikia mtu anafuta ubao, polepole, kuanzia chini.

Walipomfungua bandeji, kitu cha kwanza kilichomjia mbele ni uso wa mkewe. Akautazama kwa jicho moja, kwa utulivu, kama anaulinganisha na picha.

"Mbona umekuwa mweupe hivi?"

"Chaki, mume wangu."

Nyumbani akasimama mlangoni, akakunja uso. "Na huyu paka ni wa nani?"

Jicho la pili nalo likafuata kabla daktari hajafunga mizigo. Likizo ilipokwisha, mwalimu wa historia aliwaalika wazee wale alasiri moja, akaichora upya ngome kwa chaki, vilevile ilivyokuwa. Akaongeza na wingu juu ya mnara, kwa heshima ya msimulizi. Bwana Komeo akaja na koti lake. Akasimama mbele ya ubao, mikono nyuma.

Ngome ilikuwa na ukubwa wa sinia. Madirisha yalikuwa matatu.

"Elfu yako wapi?"

"Mengine yako upande wa nyuma," akasema Bibi Chaki, akitazama nje.

Mzee alikuwa amekwisha inama kwenye lango, macho yake mapya yamelikaribia mpaka pua inagusa chaki, na mwalimu alishika pumzi kama mwanafunzi anayesahihishiwa. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Ilichukua muda watu wajue kwamba anacheka.

"Hili halina komeo," akasema. "Mama watoto, njoo uone. Miaka yote hiyo wamekaa nje wanaiva ndani ya chuma, na lango lilikuwa la kusukuma tu."

Mwalimu akajifunika uso kwa daftari. Bibi Chaki naye akacheka mpaka akatoa wingu lake mwenyewe, kisha akachovya kitambaa, akapiga hatua mbele, maana muda wa kazi ulikuwa umefika. Akafuta handaki. Akafuta lango lisilo na komeo, ukuta, madirisha yote elfu, bendera. Wingu akaligusa mwisho, kwa kitambaa kingine, kikavu, kama apendavyo, nalo likabanduka, likaelea kwenye mwanga wa manjano, likaanza kuwashukia.

"Fumba macho, mzee. Daktari alisema vumbi ni baya."

"Niache kidogo," akasema Bwana Komeo, machozi yakimtiririka kwa chaki. "Nataka kuona linavyoondoka."